Shavu la Kushoto

Filadelfia, Soko la High Street
21 Mei 1818

Kwa Bwana Gideon Wetherell, mchoraji.

Bwana,

Jina langu hulijui, ingawa ulikula supu yangu Jumatano tatu mfululizo mwezi wa Februari. Ulikaa juu ya pipa karibu na meza ya mwuza nyama, ubao magotini, bakuli langu kati ya viatu vyako. Nilikuuliza, "Unachora nini, bwana?" Ukanijibu, "Matao ya soko, mama. Matao tu." Nikakuamini. Nani atamgombeza mtu anayechora matao?

Jana mwenzangu Patience Groves, anayeuza chaza meza ya pili kutoka kwangu, alinijia akicheka hadi ndoo ikamponyoka. "Shoga, umetundikwa ukutani! Kwenye maonyesho, mtaa wa Chestnut! Wazungu wamekuzunguka kama nzi kwenye kidonda cha punda!" Nilidhani ananitania. Leo nimekwenda mwenyewe. Mlinzi wa mlangoni alidhani nimekuja kusugua sakafu, akanionyesha ilipo ndoo. Nikalipa robo dola yangu kama wengine, nikaingia, nikajiona.

Nimejiona kweli. Kilemba changu cha mistari ya njano. Upawa mkono wa kushoto, kwa kuwa ndio mkono ninaotumia. Na kwenye shavu la kushoto, kovu langu la ndoano ya chungu, limepinda kama mundu. Umelichora kovu hilo kwa uangalifu kuliko ulivyochora mkate. Halafu umenichora nacheka, meno yote nje. Miaka kumi na miwili nauza supu ya pilipili katika soko lile, na sijamchekea mteja hata mmoja. Supu yangu haihitaji kuchekewa ili inunuliwe.

Ninaomba jambo moja. Uondoe uso wangu. Acha chungu, acha soko, acha yule bwana mnene na mbwa wake. Huyo mwanamke mpe uso mwingine, au mgeuze atupe mgongo.

Sababu zote siziandiki, maana karatasi husomwa. Lakini nawe unaishi mji huu. Unajua Maryland, nchi ya watumwa, ni siku mbili tu kwa gari la farasi. Unajua wapo wanaokuja kutoka huko kila wiki, wakapita sokoni wakichungulia nyuso za weusi mmoja mmoja, na hawaji kununua supu. Mweusi wa mji huu anaishi kwa kutotazamwa sana. Wewe umenitundika nitazamwe.

Nangoja jibu.

Sabra Moulder

*

Filadelfia
23 Mei 1818

Shangazi yangu mpendwa wa Supu,

Barua yako imenifurahisha mno. Sikutegemea mwandiko safi namna ile kutoka meza ya supu! Nimeisoma mezani mbele ya rafiki zangu, na wote wamekusifu.

Usijali sana kuhusu sura yako. Wanawake wote ninaowachora hulalamika. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa nafaka alitaka nimpunguzie kidevu cha pili. Nilikataa, na leo anakipenda. Nawe utazoea. Kovu ndilo linalobeba picha. Ukiliondoa, anabaki mwanamke yeyote anayeuza chochote.

Lazima uelewe ninachofanya. Wenzangu walioko Ulaya wanachora miungu wa kike wanene waliolala mawinguni, ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mimi nimejiapiza kuichora nchi hii changa jinsi ilivyo: soko lake, matope yake, matumbo ya ng'ombe kwenye chungu chake. Sibuni kitu. Kikiwa hakikuwepo mbele ya macho yangu, hakimo kwenye picha yangu. Huo ndio msimamo wangu, na siwezi kuuvunja kwa ajili ya mtu mmoja, hata akiwa na supu tamu.

Kuhusu kicheko, hilo ni jambo dogo. Mtu anayenunua picha ya kutundika juu ya meko yake anapenda kuona watu wenye furaha.

Na kuhusu hao watu wa Maryland, mtu mwaminifu mwenye kazi yake halali hana la kuogopa katika mji huu.

Wako mwema,
Gideon Wetherell

*

Soko la High Street
26 Mei 1818

Bwana Wetherell,

Mimi si shangazi yako. Shangazi ni dada wa baba. Kama babu yako alizaa binti mweusi akamwacha sokoni auze matumbo, nitajie jina lake nikamsalimie. Kama hakuzaa, niondolee undugu huo mdomoni mwako. Jina langu niliandika chini ya barua. Mwandiko uliusifu, kumbe hukuusoma.

Unasema hubuni kitu. Kovu ni la kweli, kwa hiyo haliondoki. Kicheko ni cha uongo, nacho pia hakiondoki. Ni ukweli gani huu unaolegea panapomfurahisha mnunuzi, ukakakamaa panapomwokoa mwenye uso? Mimi nasoma kila usiku ukurasa mmoja wa Maandiko na kila asubuhi gazeti kuukuu ninalofungia mkate, na katika vyote viwili sijakutana na mnafiki aliyejieleza vizuri kama wewe.

Hukuelewa, au hukutaka kuelewa. Sikukuomba unirembeshe. Nilikuomba unifute. Umewahi kumwona mwanamke mwenye majivuno akiomba afutwe?

Nikueleze picha yako imenifanyia nini sokoni. Jumamosi alikuja bwana mmoja wa glavu za manjano na wanawake wawili. Akanisimamia. "Hebu cheka, shangazi, kama kwenye picha." Nikaendelea kukoroga. "Cheka bwana, tumetoka mbali!" Patience akamjibu kutoka kwenye chaza zake: "Bakuli hilo lina supu tu, bwana. Meno yanauzwa meza ya mwuza nyama, na yale ni ya nguruwe, mtaelewana." Soko zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama nyuma ya yule bwana, nani mwingine amesimama anitazame.

Na si hao tu, kila siku ya soko wanakuja wengine. Wananinyooshea kidole. Wananiinamia kulitazama shavu. Nilikuwa napiga mwito wangu, "Pilipili! Yachoma mdomo, yaponya kifua!" Sasa nauza kimya, na kilemba nimekivuta hadi shavuni, na joto la chungu lanipika mimi kwanza.

Kwa mara ya pili: ondoa uso huo.

Sabra Moulder

*

Filadelfia
14 Julai 1818

Mama wa Supu,

Natumai hasira zimepoa. Nakuletea zawadi, na nina hakika itakupatanisha nami.

Picha yenyewe bado haijapata mnunuzi, ipo chumbani kwangu cha kazi. Lakini watu wengi wameulizia, hata nikaona nitengeneze chapa yake, ili kila nyumba yenye senti chache iweze kuitundika. Bamba la shaba nimelichonga kwa mkono wangu mwenyewe. Nakala yako ni hii, ya kumi na mbili kutoka kwenye mashine.

Utaona umegeuka: upawa uko mkono wa kulia na kovu liko shavu la kulia. Usishtuke. Mchongaji mwenye subira huitazama picha yake ndani ya kioo anapoichonga kwenye shaba. Mimi nilikuwa na haraka, nikaichonga moja kwa moja kama nilivyoiona. Shaba ikibanwa kwenye karatasi hupindua kila kitu, kama unavyojiona kwenye beseni la maji. Hata herufi za kibao cha mwuza nyama imenibidi nizifute. Lakini mnunuzi hajali kushoto wala kulia.

Zimekwisha kwenda New York, na dazeni nne zimekwenda Baltimore, kule Maryland, wiki iliyopita. Fikiria! Wewe hujatoka nje ya mji huu, na uso wako utaonekana kwenye madirisha ya maduka ya Baltimore.

Wako mwema,
G. Wetherell

*

Soko la High Street
16 Julai 1818

Bwana Wetherell,

Baltimore.

Nimelisoma neno hilo mara nne nikitumaini litakuwa jingine.

Ziite zirudi. Andika leo hii, kabla wino wa barua hii haujakauka mkononi mwako. Sema bamba lina kasoro, sema lolote. Wewe uliweza kuliona kovu la inchi moja kutoka kwenye pipa la mwuza nyama, katika moshi wa chungu, mwezi wa Februari. Inakuwaje macho hayo hayo yashindwe kuona hili?

Umesema sijatoka nje ya mji huu. Nani alikwambia nilikotoka? Umewahi kuniuliza?

Zirudishe.

Sabra Moulder

*

Kaunti ya Kent, Maryland
10 Agosti 1818

Kwa Bwana Gideon Wetherell, Filadelfia.

Mheshimiwa,

Unisamehe kukuandikia bila kujuana. Nilikuwa Baltimore kwa shughuli za urithi wa marehemu ami yangu, nikaona katika dirisha la duka la vitabu chapa yako ya mwanamke anayeuza supu. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Sijapata kuona kazi ya mkono wa Mmarekani yenye uhai kiasi hicho. Nimeinunua na iko mbele yangu ninapoandika.

Jirani zangu wanabishana nami. Wanasema mchoraji hukusanya pua huku na macho kule, na kwamba mwanamke kama huyo hayupo. Mimi nasema huyu amechorwa kutoka kwa mtu hai. Je, nani ameshinda? Na kama yupo, ningependa nikifika mjini kwenu nimwone mwenyewe, nionje na supu yake, ndipo nije kwako kuzungumza juu ya kununua picha yenyewe.

Wako mnyenyekevu,
Rezin Caulk

*

Filadelfia
17 Agosti 1818

Mheshimiwa Bwana Caulk,

Waambie jirani zako wameshindwa! Mimi sibuni. Mwanamke huyo yupo, na kila uzi wa kilemba chake upo. Laiti wachambuzi wa mji huu wangekuwa na jicho kama lako.

Utampata Soko la High Street, siku za Jumatano na Jumamosi, kuanzia asubuhi hadi saa nane. Ukiingia kutoka mtaa wa Pili, hesabu meza tatu upande wa kaskazini, kabla ya mwuza chaza. Utamjua mara moja kwa kovu lake. Mwaka huu amekuwa mkali kidogo na anapenda kujifunika uso. Usimjali, agiza bakuli tu.

Picha bado ipo. Karibu sana chumbani kwangu.

Kwa heshima kubwa,
Gideon Wetherell

*

Jela ya mji
8 Septemba 1818

Bwana Wetherell,

Barua hii inatoka humu ndani chini ya chaza za Patience, maana barua zinazotoka mlangoni zinasomwa. Isome umesimama. Ukikaa utaanza kujihurumia, na muda huo hatuna.

Jumamosi walikuja watatu. Wawili wa kukodiwa, wenye kamba, na bwana mmoja kijana, nadhifu, mwenye chapa yako mkononi. Walinipita. Nakwambia walinipita! Yule kijana alinisogeza kilemba shavuni, akanitazama, akaitazama chapa, akatikisa kichwa: "Siye. Huyu kovu lake liko upande mwingine, na anachota kwa kushoto." Nikaanza kupumua. Mwenzake akamwambia, "Bwana, hebu soma tena ile barua." Akaitoa mfukoni. Akasoma kwa sauti, mbele yangu, chungu changu kikichemka kati yetu: meza ya tatu, upande wa kaskazini, kabla ya mwuza chaza, anapenda kujifunika uso. Niliyajua maneno yale kabla hajamaliza. Niliujua mpaka mwandiko.

Picha yako ilikuwa imeniokoa, kwa uvivu wako. Kilichonitia kamba ni barua yako.

Patience alimwagia mmoja ndoo nzima ya maji ya chaza. Mwuza nyama, ambaye nimemnunulia matumbo miaka kumi na miwili, aliinama akajifanya anatafuta kisu.

Sasa sikiliza. Sitakwambia mimi ni nani wala nilizaliwa wapi. Nitakwambia kilichosemwa mbele ya hakimu jana, kwa kuwa kila mtu alikisikia.

Bwana Caulk anadai kuwa mimi ni Hester, mali ya ami yake, aliyetoroka miaka kumi na miwili iliyopita. Wakati huo Caulk alikuwa mtoto wa miaka saba. Ami amekufa. Msimamizi wa shamba amekufa. Anakumbuka huyo Hester alikuwa na kovu shavuni. Upande hakumbuki. Kwa hiyo alipoapa hati yake kule kwao, kabla hajaja huku, alitandika chapa yako mezani akanakili: kovu shavu la kulia, anatumia mkono wa kulia. Ameapa hivyo kwa jina la Mungu, na muhuri umegongwa.

Nina wakili, mmoja wa wale Marafiki wa kofia pana, watu wa dini wanaopinga utumwa. Hati iliposomwa akaniambia tu, "Dada, mgeukie hakimu." Nikageuka. Kovu likaonekana, shavu la kushoto. Caulk akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Lakini wakili wake naye si mjinga. Amesema shaba hugeuza picha, na kwamba picha yenyewe itaonyesha kushoto, na mchoraji atathibitisha. Hakimu ameamua: Alhamisi uje, na uje na picha. Ikionyesha kushoto, ataihesabu hati kuwa ina kosa dogo la mkono, atairekebisha, na atanikabidhi kwa Caulk. Si kwa juri la raia wa kusikiliza kesi. Kwa sahihi moja. Jioni hiyo hiyo nitakuwa barabarani. Ikionyesha kulia, ataniachia, kwa kuwa mtu hawezi kuapa juu ya mwanamke asiyemjua.

Unajua shavu langu lilipo. Unajua bamba lako lilifanywaje, uliniandikia mwenyewe. Nilikuomba mara tatu uondoe uso huo, nikiwa huru. Sikuombi mara ya nne. Nakwambia tu kwamba ni Jumanne.

Sabra Moulder

*

9 Septemba

Nimeipokea. Usiandike tena. Choma hii.

G. W.

*

Filadelfia
21 Septemba 1818

Kwa Bibi Sabra Moulder, kwa mkono wa Bibi Patience Groves.

Bibi Moulder,

Bibi Groves hataki kuniambia ulipo. Ameniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, lakini amekubali kuichukua barua hii.

Nataka ujue yote. Jumanne ile jioni nilijaribu kwanza kulihamisha kovu. Nililifuta kushoto kwa kisu, nikalichora kulia. Asubuhi nikaligusa, rangi ikanishika kidoleni. Rangi ya mafuta haikauki kwa siku mbili, wala kwa wiki mbili. Hakimu angenyoosha mkono tu. Nikakaa mbele ya picha ile hadi mchana. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote, Bibi Moulder, labda bora nitakayowahi kufanya. Kisha niliikata vipande vitano kwenye fremu, nikavitia mekoni. Harufu ya mafuta ya kitani bado imo ukutani.

Unayajua niliyoyasema Alhamisi. Sasa mji mzima unajua kwamba Wetherell, aliyejisifu kuchora ukweli, ameapa mbele ya hakimu kuwa anabuni. Magazeti mawili yamenicheka. Mwenye maonyesho amerudisha picha zangu nyingine. Yule mfanyabiashara wa nafaka amesema kumbe hata kidevu cha mke wake nilikibuni. Nimerudia kazi yangu ya ujana, nachora vibao vya mikahawa: jogoo, taji, nanga.

Nimepoteza jina langu, na sijuti. Lakini ningependa kulisikia neno moja kutoka kwako. Niambie ulipo, niweze kukuletea angalau kitu cha kuanzia maisha.

Kwa unyenyekevu,
Gideon Wetherell

*

Oktoba 1818

Bwana Wetherell,

Unaniuliza nilipo. Ulishaulizwa nilipo mara moja, ukajibu.

Barua yako ya tarehe ishirini na moja nimeichoma. Umeandika humo yote, kisu, kidole, meko, vipande vitano, ukatia na sahihi. Hata sasa hujajifunza kwamba karatasi husomwa? Ingeanguka kwenye ndoo ya Patience ikaokotwa, leo ningekuwa Kent na wewe ungekuwa jela kwa kiapo cha uongo. Wewe, bwana, usipewe kalamu. Afadhali brashi.

Lakini umetaka neno moja. Nitakupa zaidi ya moja, halafu basi.

Nilikuona Alhamisi ile ulipoingia mikono mitupu. Nilikuwa nimesimama kizimbani, kilemba wamenivua ili kovu lionekane. Hakimu akauliza, "Picha iko wapi?" Ukasema, "Nimeichoma. Ilikuwa mbaya." Watu wakacheka. Wakili wa Caulk akaruka: "Si kweli kwamba shaba hugeuza?" Ukamjibu, "Hugeuza, kama mchongaji ni mwanagenzi. Mimi hutumia kioo." Uongo. Niliona shingo yako inavyopata jasho. "Kwa hiyo picha ilionyesha kovu upande gani?" "Kulia." "Na huyu ndiye mwanamke uliyemchora?" Ukanitazama. Nadhani ndiyo siku ya kwanza uliyonitazama mimi, si kovu. Ukasema, "Huyu alinipikia supu. Uso ule nimeukusanya kwa wanawake watano, na kicheko nilikitoa kichwani." Hilo la kicheko ndilo neno pekee la kweli uliloapa siku ile juu ya uso ule.

Yule wakili akaitoa barua uliyomwandikia Caulk. Akaisoma: "Mimi sibuni." Nilidhani tumekwisha. Ukasema, "Barua hiyo nilimwandikia mnunuzi. Mchoraji akimwandikia mnunuzi huwa hajaapa." Hata hakimu akafunika mdomo.

Kisha akauliza chumbani kama yupo aliyeiona picha kwenye maonyesho. Ikanyooshwa mikono minne. Wa kwanza akasema kovu lilikuwa kulia. Wa pili, kushoto. Wa tatu akaapa hapakuwa na kovu. Wa nne, yule bwana wa glavu za manjano, aliyeniinamia hadi nikasikia pumzi yake, alikumbuka mbwa tu. Mamia walilipa robo dola wanione, na hakuna aliyeniona! Niliachiwa kwa sababu hiyo, Bwana Wetherell, zaidi ya uongo wako. Usijipe sifa yote.

Ulifanya lililopasa, siku ya mwisho, baada ya kuombwa mara tatu na kukataa mara tatu. Mtu akiichoma nyumba yako, kisha akamwaga ndoo moja juu ya jivu, humwiti mkombozi. Humtukani pia. Unamwacha hapo na ndoo yake.

Unasema umepoteza jina, na hapo hapo umetia sahihi jina hilo hilo, zima. Mimi nimetazamwa na Caulk saa nzima kizimbani. Hati yake ya pili itasema kushoto, na hataihitaji picha. Kwa hiyo soko nimeliacha. Mwito wangu nimeuacha. Upawa nimempa Patience, na anasema supu yake haimchomi hata mtoto mchanga. Hapa nafua mashuka ya watu. Nimejifunza kushika kila kitu kwa mkono wa kulia, kijiko, sindano, hata kalamu hii, ndiyo maana mwandiko uliousifu umeharibika. Yule mwanamke uliyemgeuza kwa haraka zako, ndiye inabidi niwe. Kilichobaki ni shavu, na hilo halina mkono wa pili.

Barua yako ya mwisho umeifungua kwa "Bibi Sabra Moulder". Umelijua jina hilo siku ambayo siwezi tena kulitumia. Jipya sikuambii.

Chora majogoo yako. Jogoo hana ami Maryland.

Barua hii sitii sahihi. Mtu akiikuta kwako akauliza nani kaiandika, mwambie umeibuni. Ulishaapa kwamba ndiyo kazi yako.